Tumbili yatima nyumbani: aende bustani ya wanyama au arudi porini?

"Shikamoo daktari. Tunaishi nje kidogo ya Ifakara. Miezi mitano iliyopita mbwa wa jirani waliua tumbili jike shambani kwetu, mwanawe akabaki amemng'ang'ania mama yake tumboni. Tulimchukua. Tumemlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji, sasa anakula ndizi na ugali, na analala na binti yangu wa miaka tisa. Wiki iliyopita alimng'ata mtoto wa jirani kidoleni, kidogo tu. Mume wangu anataka tumpeleke bustani ya wanyama, huko kuna chakula na daktari. Kaka yangu anasema bustani ni gereza, tukamwachie msituni Udzungwa awe huru. Mimi nimesikia kwamba bustani za wanyama ndizo zilizowaokoa vyura wa Kihansi, kwa hiyo sidhani kama zina ubaya. Ila naogopa: tukimpeleka popote tutaulizwa tulimpata wapi. Tufanye nini?"

Marahaba, dada yangu. Nitakujibu yote, lakini mtoto wa jirani hawezi kusubiri hadi mwisho wa jibu. Apelekwe kituo cha afya leo, hata kama kidonda kimeshapona, na mhudumu aambiwe wazi kwamba aling'atwa na tumbili ambaye mama yake aliuawa na mbwa. Kichaa cha mbwa humpata mnyama yeyote wa jamii inayonyonyesha watoto wake, tumbili akiwemo, na aliyeambukizwa anaweza kukaa wiki au hata miezi bila dalili yoyote. Siku ile mbwa walipomrukia mama, yule mchanga alikuwa tumboni pake. Huenda naye aliguswa na meno. Je, mbwa wale wamechanjwa? Wako hai mpaka leo? Ulizeni, maana kituoni watataka kujua. Chanjo ya baada ya kung'atwa hutolewa hata ukichelewa, mradi dalili hazijaanza. Zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea. Na kuanzia sasa, yeyote atakayeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituoni. Binti yako naye aende aeleze, kwa sababu mtoto anayelala na tumbili huwa na mikwaruzo ambayo hata yeye ameshaisahau.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mume wako, kaka yako na wewe mnavutana, lakini naona kila mmoja anazungumzia jambo lake. Kumwokoa mnyama mmoja aliyefiwa na mama ni kazi moja. Kuokoa aina nzima ya wanyama isitoweke duniani ni kazi nyingine, yenye watu wengine na maamuzi ambayo wakati mwingine ni magumu sana kwa mnyama mmoja mmoja. Bustani ya wanyama inaweza kuifanya moja vizuri na nyingine vibaya. Kuna zinazofanya zote mbili, na kuna nyingi zisizofanya hata moja.

Umemtaja chura wa Kihansi, na umefanya vyema, kwa sababu ametoka safu hiyohiyo ya Udzungwa inayowatazama huko kwenu. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mazingira ya korongo la mto Kihansi yakichunguzwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa megawati 180. Mzima hafiki sentimita 3, ana rangi ya manjano, na hatagi mayai kama vyura tuliowazoea: huzaa vitoto vilivyokamilika, vya milimita 5 hivi. Maisha yake yote yalikuwa kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, katika eneo la hekta chache tu, na hakuwa na kwao pengine duniani. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, karibu sehemu tisa za kumi za mtiririko ziliondoka korongoni, na manyunyu yakaondoka nazo.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa, kwa makubaliano na serikali yetu, wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx kule New York, na baadaye wakagawanywa katika bustani nyingine za Marekani. Sehemu hii watu wengi hawaisimulii: wengi wao walikufa. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kumfuga chura huyu. Ilibidi watu wajifunze huku vyura wanakufa: anataka mwanga wa namna gani, unyevu kiasi gani, wadudu wadogo kiasi gani, na minyoo ya mapafu itibiwe vipi bila kumuua mgonjwa mwenyewe. Idadi ilishuka hadi chini ya mia moja. Mwishowe bustani mbili tu, Bronx na Toledo ya jimbo la Ohio, ndizo zilizofaulu kuwazalisha wakaongezeka.

Wakati huohuo korongoni kulifungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga yale manyunyu. Vyura waliobaki wakaanza kuongezeka tena, wakafika maelfu. Kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na kuvu aina ya kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura na kuwaua, akakutwa humo. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata walioonekana walihesabika kwa vidole. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliokuwa wamebaki duniani walikuwa wale wa ndani ya vioo, huko Marekani. Mwaka 2010 mia moja kati yao walirudishwa nchini, kwenye chumba maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 kundi la kwanza likaachiwa tena Kihansi. Kazi ya kuwaongezea wenzao iliendelea hata baada ya hapo, maana kuachia mara moja hakutoshi.

Kwa hiyo ni kweli, bila bustani zile chura huyu asingekuwepo leo. Lakini angalia kilichohitajika: akiba iliyochukuliwa mapema, kabla ya ugonjwa, miaka ya kujifunza, korongo lililoendelea kumwagiwa maji kwa mabomba ili pawepo pa kurudi, wataalamu wa hapa nyumbani wa kuwapokea na kuwafuatilia. Ukiondoa lile korongo, kinachobaki ni vyura kwenye vioo milele. Mimi huipima bustani yoyote inayojiita ya uhifadhi kwa swali hilo kwanza: wanyama wako watarudi wapi, na nani anapatunza huko?

Wanaojua habari za Oman watakukumbusha choroa wa Arabuni, mnyama wa jangwani wa jamii ya swala mwenye pembe ndefu. Wa mwisho wa porini aliuawa mwaka 1972, lakini kundi dogo lilikuwa limeshakusanywa tangu miaka ya 60 katika bustani ya wanyama ya Phoenix, Arizona, na uzao wake ukaachiwa katika jangwa la Oman mwaka 1982. Wakastawi, wakafika mamia. Kuanzia mwaka 1996 majangili wakaanza kuwakamata wakiwa hai, hasa majike, ili kuwauzia matajiri wenye bustani zao binafsi. Bustani ziliwarudisha jangwani, na tamaa ya bustani nyingine ikawatoa tena. Kundi likaporomoka, eneo la hifadhi likapunguzwa, na mwaka 2007 UNESCO ikaliondoa katika orodha ya urithi wa dunia, eneo la kwanza kabisa kuondolewa. Choroa mwenyewe hakutoweka, kwa sababu walikuwepo wengine kwingineko, na mwaka 2011 hali yake ilihesabiwa kuwa imeboreka, akatolewa katika daraja la wanyama walio hatarini kutoweka na kuwekwa katika daraja lenye hatari ndogo zaidi. Nakusimulia haya kwa sababu atakapotokea mtu wa kuwapa pesa kidogo amchukue tumbili "akamtunze", nataka umkatalie. Mtoto wa mnyama anayelipiwa leo, kesho mama mwingine atauawa ili apatikane mwingine wa kuuzwa.

Kuna walioshindwa pia. Faru weupe wa kaskazini walikusanywa katika bustani ya Dvůr Králové ya nchi ya Czech, wakazaa mara chache mno. Desemba 2009 wanne wa mwisho waliokuwa na matumaini ya kuzaa waliletwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, kwa imani kwamba nyasi na jua la Afrika vingewasaidia. Hawakuzaa. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018, na waliobaki duniani ni majike wawili, Najin na bintiye Fatu. Katika jambo hili siwezi kuzilaumu bustani peke yake, kwa kuwa vita na ujangili ndivyo vilivyowamaliza wenzao porini. Lakini anayesema mnyama akishaingia bustanini amesalimika, awatazame hao wawili.

Na kuna ule ugumu niliokudokezea. Bustani kubwa za Ulaya na Marekani hutunza daftari la nasaba la aina nyingi za wanyama, ili ndugu wasizaliane. Daftari hilo ndilo linaloamua nani azae na nani asizae. Februari 2014 bustani ya Copenhagen ilimuua Marius, twiga dume mzima asiye na ugonjwa, kwa sababu damu ya ukoo wake ilikuwa imeshajaa katika kundi lao. Watu wengi walichukizwa, nami siwashangai, na naamini ingetafutwa njia nyingine. Hata hivyo ndivyo ilivyo mantiki ya kuokoa aina: huangalia vizazi, haimwangalii mmoja.

Tumbili wako hayumo katika hesabu hiyo hata kidogo. Tumbili ni wengi, wewe mwenyewe unawafukuza shambani. Bustani ikimpokea haitakuwa imehifadhi chochote. Itakuwa imempa mahali pa kuishi. Basi ipimeni kama makazi tu, na hadithi ya chura isiwafumbe macho.

Kaka yako anasema msituni atakuwa huru. Naelewa moyo wake, na kuhusu bustani nyingi hakosei. Lakini tumbili mchanga hazaliwi akijua kuishi porini, anafundishwa. Watafiti waliofanya kazi Amboseli, Kenya, walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili wana milio tofauti ya kuonyana. Wakisikia mlio wa chui hukimbilia juu ya miti. Wakisikia wa tai hutazama juu na kujitupa kichakani. Wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu miwili na kukagua majani. Watoto hukosea: hutoa mlio wa tai wakimwona ndege asiye na madhara, hata jani linaloanguka. Wakilia sawasawa, wakubwa huitikia kwa mlio uleule, na hivyo ndivyo wanavyojifunza. Wako amekua akisikia redio na kuku. Chui wa kwanza atakayemwona ndiye atakuwa somo lake, na hatapata la pili.

Chakula nacho ni hivyohivyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, tumbili wa porini wa Afrika Kusini waliwekewa mahindi yaliyotiwa rangi mbili, moja ikiwa imefanywa chungu. Wakubwa wakajifunza kuiepuka. Miezi baadaye uchungu ukaondolewa, na watoto wapya, ambao hawakuwahi kuonja uchungu wowote, karibu wote walikula rangi ya mama zao tu. Mtoto hula anachokula mama. Wako anajua kwamba chakula hutoka mkononi mwa mtu, kwa hiyo mkimwacha msituni atakachotafuta ni mtu. Ataingia jikoni kwa mwingine, na huko atakutana na panga au sumu.

Liko pia kundi. Tumbili wa peke yake hana maisha. Majike hubaki katika kundi walimozaliwa maisha yao yote na huwapiga wageni. Madume ndio huhama, tena wakishakomaa. Mtoto asiye na mama, mwenye harufu na tabia za nyumbani, akitupwa katika eneo la kundi asilolijua ana nafasi kubwa ya kuuawa kuliko kupokewa.

Na yale ya kuvu wa Kihansi tusiyasahau. Kifua kikuu na surua hutoka kwa binadamu kwenda kwa tumbili na jamaa zake. Udzungwa wana mbega mwekundu wa Udzungwa na ng'olaga wa Sanje, jamaa wawili wa tumbili ambao hawapatikani popote duniani ila huko na misitu ya jirani. Kumwingiza humo mnyama aliyelala kitanda kimoja na watu, bila vipimo, ni kuwatia hatarini wale ambao hatuwezi kuwapata tena. Isitoshe, ile ni hifadhi ya taifa, na huwezi kuingiza mnyama bila idhini.

Kaka yako akisoma atauliza: na Rubondo je? Ni kweli. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliotoka bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya waliachiwa kisiwani Rubondo, Ziwa Victoria, chini ya Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Uzao wao upo hadi leo. Lakini kisiwani hapakuwa na sokwe wengine wa kuwapiga, na watu walikuwa wachache. Hata hivyo madume wawili waliozoea binadamu walianza kushambulia watu, ikabidi wapigwe risasi. Yale masharti ya Rubondo, huko kwenu Kilombero hamna.

Kwa hiyo njia iliyo bora ni ipi? Ni kituo cha uokoaji chenye tumbili yatima wengine. Huko hukaa kwanza karantini, hupimwa, kisha huunganishwa na wenzake taratibu mpaka wawe kundi, huku mikono ya watu ikipunguzwa siku hadi siku. Wakiwa tayari huachiwa pamoja, kundi zima, mahali palipochunguzwa, na hufuatiliwa. Huchukua miaka, na si wote hufika mwisho. Wasioweza kurudi hubaki kwenye makao ya kudumu, kama sokwe wa kisiwa cha Ngamba huko Uganda, wanaolindwa na kupewa dawa za uzazi wa mpango ili pasizaliwe wengine wasio na pa kwenda. Makao ya namna hiyo nayaheshimu sana. Hayadai kuokoa aina nzima, yanawatunza waliodhulumiwa.

Ikiwa hapatapatikana nafasi kituoni na mkashauriwa bustani, nendeni mkaione wenyewe siku ya kawaida, asubuhi, kabla ya umati. Cha kwanza kutazama ni kama kuna tumbili wengine wa kuishi naye, kwa sababu tumbili wa peke yake kwenye tundu hujing'oa manyoya na kuyumbayumba siku nzima, na hapo gereza la kaka yako linakuwa gereza kweli. Ulizeni wanyama walitoka wapi, na kama huuzwa. Ulizeni daktari ni nani na huja lini. Mkiona wageni wanawabeba wanyama wachanga ili kupiga picha, ondokeni. Bustani inayohitaji vitoto vya kubebwa itahitaji vitoto vipya kila mwaka.

Kubaki naye nyumbani siwezi kukushauri hata kwa huruma. Leo ni mpole. Akikomaa, hasa akiwa dume, atakuwa na chonge zinazopasua nyama, na atagombea nafasi nyumbani kama wanavyogombea kwenye kundi. Wa kwanza kuchokozwa ni mdogo kuliko wote, yaani binti yako. Kisha hufuata mnyororo kiunoni, na kwa kuwa wanyama hawa huishi miaka mingi, mnyororo huo nao hukaa miaka mingi.

Kuhusu hofu yako ya kuulizwa: ndiyo, mtaulizwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukaa na mnyamapori bila kibali, na ninyi hamna. Siwezi kukuahidi afisa atasema nini. Ninachokuambia ni kwamba kila wiki mnayokaa kimya inazidi kuwa ngumu kueleza. Anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mumwombe aandike maelezo yenu: siku, shamba, mbwa wa nani, nani alishuhudia. Kwa barua hiyo nendeni kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, iliyo karibu. Msimsafirishe tumbili kwa basi au bodaboda kabla hawajawaruhusu. Waacheni waje, au wawape maandishi. Mwambieni afisa pia kwamba aling'ata mtu, na siku gani, maana inabidi aangaliwe.

Mpaka watakapokuja, msimwue na msimwachie. Akae kwenye tundu safi lenye kivuli na tawi la kupanda, mbali na mbwa, na mtu mzima mmoja tu ndiye ampelekee chakula. Punguzeni ugali; mpeni matunda mbalimbali, mboga za majani, karanga mbichi na maji safi. Asilale tena kitandani. Akianza kulegea, kutokwa mate, kuwa mkali ghafla au kuharisha, asishikwe na mtu. Mwiteni daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na afisa wanyamapori ajulishwe.

Binti yako atalia, na ana haki. Mwambie ukweli, kwamba alimlea asife, na kwamba sasa anahitaji tumbili wenzake ambao sisi hatuwezi kuwa. Mpeleke naye kwa afisa asikie kwa masikio yake. Na kwa msimu ujao, mfundishe yeye na wenzake jambo moja: mtoto wa swala anayekutwa amelala peke yake kwenye nyasi mara nyingi hajaachwa. Mama yake amemficha akaenda kula, na atarudi. Asibebwe. Watu wakae mbali, mbwa wafungwe, na kama kesho yake bado yupo palepale na amedhoofika, ndipo aitwe afisa.